Kama, Basi, Mwisho: Kazi Yetu ya Jumamosi



Sisi wa kundi la kompyuta tunapenda kueleza kazi tunayofanya kila Jumamosi, saa nane mpaka saa tisa. Wengi wanapita karibu na dirisha, wanatusikia tunacheka, wanasema: "Wale wanacheza tu." Tena tumesikia ya kuwa halmashauri ya wazazi itakutana mwisho wa trimestri hii, na kati ya maneno watakayopima liko neno letu: ile saa moja iendelee ao ifungwe. Sababu zao ni mbili. Ya kwanza, mazutu ya mashini ya umeme ni ghali. Ya pili, michezo ya kompyuta inaharibu watoto.

Hatuandiki kwa kugombana na wazazi. Hizo sababu zote mbili ziko na ukweli ndani yake, na tutazijibu kwa heshima. Lakini mtu akitaka kupima kitu kwa mizani, ni lazima kwanza akiweke kwenye mizani. Kwa hiyo tunawaletea hapa kitu chenyewe, mkitazame.

LUGHA INAYOITWA MWEZI

Kompyuta ni mtumishi mwenye mbio nyingi lakini hana akili yake mwenyewe. Inafanya kile ilichoandikiwa, haiongezi, haipunguzi. Ili uiandikie, unahitaji lugha. Lugha za namna hii ziko nyingi sana. Ile tunayojifunza sisi inaitwa Lua. Kwa Kireno, lua ni mwezi, ule wa mbinguni.

Jambo la kutushangaza ni kwamba hii lugha haikutoka Marekani wala Ulaya. Ilizaliwa mwaka 1993 huko Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazili, kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki. Walioitunga ni watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Kisa chake ni hiki. Toka mwaka 1977 mpaka 1992, serikali ya Brazili iliweka vizuizi vikubwa juu ya kompyuta na programu zinazotoka inje. Watu wa kule hawakuweza kununua kila kitu walichotaka, basi wakazoea kujitengenezea. Hao watatu walikuwa wakisaidia kampuni ya mafuta ya Petrobras. Kwanza wakatungiwa lugha mbili ndogo pale pale chuoni. Moja iliitwa SOL, ni kusema jua. Ile iliyokuja nyuma ya jua wakaiita mwezi.

Baadaye watengenezaji wa michezo waliona ya kuwa Lua ni ndogo, nyepesi, na haina malipo. Mwaka 1998 kampuni ya LucasArts ya Marekani iliitumia katika mchezo wa Grim Fandango. Tangu mwaka 2004, wachezaji wa World of Warcraft wanaandika nyongeza zao kwa Lua. Na Roblox, ambao watoto wengi wa dunia wanaujua, unatumia lugha inayoitwa Luau, ni mtoto wa Lua. Sisi tunatumia programu ya bure inayoitwa LÖVE.

Basi, nchi isiyohesabiwa kati ya matajiri ilifungiwa mlango, na kwa ule mlango uliofungwa ikatoa lugha inayosemwa na dunia nzima. Wanafunzi wenzetu, tusilisahau hilo.

MLANGO WA KAMA

Neno la kwanza tulilofundishwa ni if. Kwa Kifaransa ni si, kwa Kiswahili ni kama. Linafuatwa na then, ni kusema basi, na sheria inafungwa kwa end, ni kusema mwisho. Hayo maneno ya Kiingereza ni machache, mtu anayashika kwa siku moja. Majina mengine yote unachagua wewe: unaweza kuandika nguvu, mbuzi, mtumbwi, mashini haijali. Tazameni:

    if maji >= 20 then
      zama()
    end

Maana yake: kama maji yamefika 20 ao kupita, basi mtumbwi uzame. Kama hayajafika, mashini inapita pembeni kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Ukitaka kusema "kama sivyo," unaongeza else. Ukitaka milango mingi, unaandika elseif. Na hapo ndipo werevu unapotakiwa. Angalieni sheria hii:

    if maji >= 5 then
      sema("Maji ni kidogo")
    elseif maji >= 15 then
      sema("Hatari!")
    end

Tuseme maji ni 18. Mashini itasema nini? Nusu ya kalasi walijibu: "Hatari!" Hapana. Itasema "Maji ni kidogo," juu 18 inapita 5, na mashini inaingia katika mlango wa kwanza ulio wazi, haiendi kutazama wa pili. Mtu anazama huku anaambiwa maji ni kidogo! Dawa yake ni kugeuza: sheria nzito iwekwe mbele, nyepesi ifuate. Hakuna neno hata moja lililobadilika, ni mpangilio tu, lakini ni uzima ao kifo.

Iko nyingine ndogo. Katika lugha nyingi za kompyuta, sifuri ni sawa na hapana. Katika Lua sivyo. Ukiuliza "kama chakula, basi," na chakula ni 0, Lua inajibu ndiyo. Kwake hapana iko ya namna mbili tu: false, ni kusema uongo, na nil, ni kusema hakuna kitu kabisa. Mwenzetu mmoja alieleza vizuri: kikapu kitupu bado ni kikapu. Kwa hiyo usiulize kama kikapu kipo, uliza kama ndani mna kitu: chakula > 0.

KURUDIA

Kazi ya pili ni kurudia. Mashini haichoki. Ukijua hesabu ya mara, unatumia for:

    for mara = 1, 7 do
      oga()
    end

Huyu ni Naamani katika Yordani: mara 7, si 6, si 8. Mashini yenyewe inahesabu, ikimaliza ya saba inatoka ndani ya maji.

Unaweza pia kuweka kurudia ndani ya kurudia. Mnakumbuka Yeriko, katika Yoshua sura ya 6. Siku sita watu walizunguka mji mara moja kwa siku, na siku ya saba mara saba:

    for siku = 1, 7 do
      if siku < 7 then
        zunguka()
      else
        for mara = 1, 7 do
          zunguka()
        end
      end
    end

Hesabuni: 6 na 7, jumla mizunguko 13. Mwanafunzi mmoja wa ya kwanza sekondari, anayeshindwa kila mara katika hesabu, ndiye aliyepata 13 mbele ya wote. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, bila kuruka.

Lakini kama hujui hesabu ya mara, unatumia while. Maana yake: maadamu jambo fulani ni kweli, endelea. Mashini inauliza mlangoni, ikijibiwa ndiyo inaingia, inafanya kazi, inarudi mlangoni kuuliza tena. Iko na ndugu yake, repeat na until, ni kusema rudia mpaka. Huyu anafanya kazi kwanza, anauliza nyuma, kwa hiyo anafanya walau mara moja.

MTUMBWI UNAZAMA LINI?

Sasa tuwaelezee ginsi tunavyofanya. Tuko na kompyuta 4 za zamani, na sisi ni watu 36. Kwa kila mashini, watu 9. Saa moja ukiigawa kwa 9, kila mmoja anapata dakika 6 na sekunde 40. Kwa hiyo kazi kubwa tunaifanya kwenye tablo na katika kaye, mashini ya umeme ikiwa bado imezimwa. Mmoja wetu anakuwa mashini: anasoma mstari, anafanya kile mstari unachosema, hana ruhusa ya kufikiri. Mwingine anashika chaki, anaandika hesabu ya maji. Wengine wanachunga asidanganye.

Siku moja tulikuwa na mchezo wetu wa mtumbwi. Mtumbwi umetoboka. Kila mzunguko maji 5 yanaingia, na mchezaji anachota 3. Maji yakifika 20, umezama.

    maji = 0
    while maji < 20 do
      maji = maji + 5
      maji = maji - 3
    end

Kila mzunguko maji yanaongezeka 2. Kwa hiyo mizunguko 10, maji 20, mwisho. Watu wakapiga makofi. Lakini msichana aliyekuwa akishika chaki akasema: "Ngojeni. Mtumbwi ulizama katika mzunguko wa 9." Tukamwambia hapana. Akasema: "Tazameni. Mwisho wa mzunguko wa 8, maji ni 16. Mzunguko wa 9 yanaingia 5, yanakuwa 21. Ishirini na moja! Hapo watu wako ndani ya maji. Nyuma ndipo mnachota 3, yanabaki 18, na mashini inasema endelea."

Kalasi ikagawanyika. Wengine walisema sheria ni sheria, mashini iliuliza mlangoni ikakuta 18, basi mtumbwi ni mzima. Wengine walisema ni mtumbwi wa namna gani unaozama na kuibuka? Tuligombana mpaka kengele ikalia. Mwalimu wetu hakusema nani ana haki. Alituuliza neno moja tu: "Mliiambia mashini itazame wapi?"

Hapo tukaelewa. While inatazama mlangoni tu. Kinachotokea katikati ya nyumba, haikioni. Ukitaka ione, uweke jicho katikati, nyuma ya maji kuingia:

      maji = maji + 5
      if maji >= 20 then break end
      maji = maji - 3

Break ni amri ya kuvunja mzunguko na kutoka. Sasa mtumbwi unazama katika mzunguko wa 9, sawasawa na alivyosema dada yetu.

Kisha akaja mwingine na swali la kinyume: kama mchezaji ana nguvu, anachota 5 badala ya 3? Yanaingia 5, yanatoka 5, maji ni 0 siku zote. Mtumbwi hauzami. Ni vizuri, lakini mchezo hauishi! Mashini itazunguka usiku na mchana, haifiki ng'ambo, haizami. Tulipojaribu kwenye skrini, picha ilisimama tuli kama imekufa. Kumbe haikufa, inakimbia ndani bila kutoka. Sababu ni hii: programu ya LÖVE yenyewe ni mzunguko mkubwa. Inahesabu hali mpya, inachora picha, inahesabu tena, inachora tena, mara 60 hivi kwa sekunde moja kwenye skrini za kawaida. Ukiifungia ndani ya mzunguko wako usio na mwisho, haipati tena nafasi ya kuchora. Dawa ni kuweka neno la pili mlangoni: maadamu maji ni chini ya 20 na tena bado hatujafika ng'ambo. Kila safari iwe na ng'ambo.

NENO LA WAZAZI

Sasa tujibu. Wazazi wanasema michezo inawashika watoto. Ni kweli, na sisi sasa tunajua ginsi inavyowashika. Michezo mingi ya simu imeandikwa kwa kama na rudia, sawa na mtumbwi wetu. Ndani yake iko sheria: kama mchezaji amerudi leo, basi umpe zawadi, kama amerudi siku 7 bila kuruka, basi umpe kubwa zaidi, kama ameruka siku moja, basi umrudishe siku ya kwanza. Na nyingine: kama amekwama, basi umwonyeshe kitu cha kununua. Huo ni mzunguko ambao kitu kinachozungushwa ndani yake ni mtoto. Na yule aliyeuandika hakuweka ng'ambo, maana faida yake ni mtoto asitoke.

Mtoto anayecheza bila kujua, anafikiri ana bahati. Sisi tukikuta ile zawadi ya siku ya saba, tunatazamana, tunasema: "Hii ni for, moja mpaka saba." Tukishaiona, nguvu yake inapungua. Wako wenzetu waliokuwa wakicheza kwa simu ya kaka mpaka usiku wa manane. Leo wanauliza kwanza: mlango wa kutoka uko wapi? Hatusemi wote wameacha. Tunasema wanaona. Mtu hawezi kutoka katika mtego asiouona.

Juu ya mazutu, ni haki kuuliza. Lakini tumeonyesha ya kuwa kazi yetu kubwa inafanyika kwa chaki. Tunapendekeza hivi: mashini ya umeme iwashwe Jumamosi mbili kwa mwezi, na nyingine tufanye kwa tablo tu. Itapunguza karibu nusu ya mafuta. Ni afadhali kuliko kufunga kabisa.

Tena tuseme wazi kitu kinachotuchoma. Kobalti inayowekwa katika betri za simu na kompyuta nyingi za dunia inachimbwa hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Kongo ni ya kwanza ulimwenguni katika kutoa kobalti. Mawe yanatoka kwetu, yanarudi yakiwa simu, na ndani ya simu mna sheria zilizoandikwa na wengine, zinazowaambia watoto wetu waamke lini na watoe pesa ngapi. Je, tuwe watu wa kuchimba na kucheza tu? Wabrazili wale walikataa. Walikaa chini, wakaandika.

PETRO NA HESABU

Neno la mwisho ni la Injili, maana shule yetu imejengwa juu yake. Katika Matayo sura ya 18, Petro alimwuliza Bwana asamehe ndugu yake mara ngapi, akatoa hesabu mwenyewe: saba. Sisi wa kundi la kompyuta tunaelewa swali lake vizuri. Petro alitaka for, moja mpaka saba, kisha end. Bwana akamjibu kwa sabini mara saba. Mtu anaweza kupiga hesabu, akapata 490, akaanza kuandika katika kaye kila kosa la mwenzake. Lakini anayefanya hivyo ameligeuza jibu la Bwana kuwa mchezo wa kompyuta.

Hapo ndipo tunapojua mpaka wa mashini. Mashini ina sheria, haina huruma. Haiwezi kuona 21 katikati ya njia isipoambiwa. Mwanadamu anaweza. Kazi ya Jumamosi imetufundisha kuandika sheria kwa uangalifu, na tena imetufundisha ya kuwa sheria haioni kila kitu, na ya kuwa iko haja ya mtu mwenye chaki atakayesema: "Ngojeni, hapa katikati kuna watu ndani ya maji."

Ndugu wazazi mtakaokutana, tunawaomba mje Jumamosi moja kabla ya kukata neno. Mkae pamoja nasi kwenye mabenchi, na mmoja wenu awe mashini. Tutampa chaki. Nanyi wanafunzi wa kalasi nyingine, hili ni swali lenu mpaka gazeti litakalofuata: kama maji yanaingia 5 na mchezaji anachota 4, na jicho liko katikati kama dada yetu alivyotaka, mtumbwi utazama katika mzunguko wa ngapi? Fanyeni kwa kalamu, mstari kwa mstari, mlete jibu kwetu.

Tunawaaga kwa amani.

Wenu, wanafunzi wa kundi la kompyuta